Buji ya Nne

Siku hizi petroli ikionekana Bujumbura, watu huivuta harufu yake kama ya mkate unaotoka tanuruni. Nimewaona watu wazima, wenye tai na viatu vilivyong'arishwa, wakisogea karibu na kidumu cha mwenzao kwenye foleni na kutabasamu bila kujua. Sisi tunaiita esansi, na imekuwa adimu kiasi kwamba hata harufu yake ni habari njema. Mimi peke yangu ndiye ninayekasirika. Pua ikiipata tu, vidole vya mkono wangu wa kulia vinajikunja vyenyewe, na ninakumbuka kigoda, na kitenge nilichofungwa shingoni, na sauti ya Papa ikiniambia haiko moto sana.

Watu wa rika langu wanapenda kusimulia utoto wao kana kwamba sote tulilelewa ndani ya mzinga wa asali. Eti zamani wazazi walitufundisha kazi. Eti zamani mtoto alijua nafasi yake. Haya. Mimi nilifundishwa kazi, tena kazi ambayo hakuna mtu mzima katika nyumba yetu aliyeiweza, na nafasi yangu nilionyeshwa mbele ya watu.

Tulikaa Gasenyi, pembezoni kabisa mwa mji, wakati nyumba zilikuwa bado zimeachana na katikati yake kuna mashamba ya mihogo. Papa alikuwa mtumishi wa serikali mwenye ofisi Rohero. Mama alitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili kuliko Kirundi. Kaka yangu Fiston alikuwa ameshaanza kuota ndevu na kuzigusagusa kila saa, tusije tukazisahau. Mimi nilikuwa kitindamimba, mdogo wa umbo na mdogo zaidi wa mikono.

Na palikuwa na gari. Papa alilinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao kustaafu. Lilikuwa la zamani hata wakati ule, jeupe, na taa zake za mbele za duara zilimfanya mtu aone kama anatazamwa. Papa alilipangusa kwa mashati yake yaliyochakaa, na Mama aliporarua shati kwa ajili ya dekio la sakafu palizuka ugomvi. Ndugu na majirani walilijia kwa ajili ya harusi. Papa hakumwazima mtu gari bila yeye mwenyewe kushika usukani, lakini kukataa pia hakuweza, kwa sababu Jumamosi ikifika na utepe ukafungwa kwenye boneti, mtumishi wa kawaida wa wizara aliyekaa Gasenyi aligeuka mtu mkubwa mpaka Jumapili.

Lakini gari lile lilikuwa na ila moja. Injini hupata moto wake kwenye buji, vile vijiti vyenye shingo nyeupe ya kauri vinavyotoa cheche. Gari letu lilikuwa na buji nne. Tatu zilikaa wazi, ukifungua boneti unazishika. Ya nne ilijificha nyuma kabisa, ndani ya kishimo, chini ya ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Bomba la moshi lilipita ubavuni pake. Juu yake palikuwa na kisanduku cha kupashia watu joto. Joto, Bujumbura! Nimewahi kufikiria sana juu ya yule aliyekichora kile kisanduku, na sijawahi kumfikiria vizuri.

Mkono wa Papa ulikwama kwenye kifundo. Wa Fiston uliingia lakini ukifika ndani haukuweza kugeuka. Fundi wa mtaani alichungulia, akapiga mluzi, akasema dawa yake ni kunyanyua injini nzima, au kukata bati. Papa akamtazama kama aliyetaka kulikata sikio la mtoto wake.

Ndipo siku moja aliponiita. Nilikuwa nachambua maharage na Mama uani.

"We, kuya hapa. Ingiza mukono pale nyuma, uone kama inafika."

Nikapanda kigoda. Mkono ukaingia, ukapita bomba, ukazunguka kisanduku, vidole vikagusa kitu chenye ubaridi, chenye pembe.

"Nasikia kitu, Papa."

"Ni yeye huyo. Sasa funga macho. Macho haisaidie kitu hapa. Sikiliza na vidole."

Papa alipeleka ufunguo wa buji kwa fundi ukakatwa ukawa mfupi, saizi ya kiganja changu, na kuanzia siku ile nikawa na kazi. Buji ya nne ilichafuka upesi kuliko wenzake, na ikichafuka gari lilitetemeka na kukohoa kama mzee mwenye pumu. Hapo niliitwa. Niligeuza ufunguo kidogo, nikauchomoa, nikauweka tena, nikageuza kidogo, mpaka buji ilipolegea nikaimalizia kwa vidole. Papa aliisugua kwa msasa, akapima pengo la ncha yake kwa wembe wa kunyolea, akaibusu kwa mzaha na kunirudishia. Kuirudisha ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kwa maana ukiianza kombo inakula njia yake ya kuzungukia na hapo injini imekufa. Tukimaliza alinimiminia esansi kidogo mikononi, halafu sabuni ya unga, halafu maji, naye alinishika vidole kimoja kimoja akinitoa weusi kwenye kucha.

Nataka nieleweke. Nilikuwa nafurahi. Papa hakuwa mtu wa kuongea na watoto, hasa wa kike, na zaidi ya kuulizwa kama nimesali sikuwa na cha kuzungumza naye. Lakini mkono wangu ukiwa ndani ya gari, kichwa chake kilikuwa karibu na changu, na alinisimulia mambo ya ofisini, na aliponiita aliniita Kamukono. Hakuna aliyeniita hivyo isipokuwa yeye. Kwa hiyo jina langu, na sauti ile, na yale maji ya sabuni, vyote nilivihesabu kuwa mali ya mkono wangu. Sikujua kwamba baba anaweza kumpenda mtoto bila kifaa.

Halafu nikamsikia akimwambia mgeni mmoja sebuleni, wakicheka, chupa mezani:

"Huyu mutoto ndiye garage yangu. Siku mukono yake itakuwa mukubwa, mi gari nauza."

Mgeni alicheka. Mimi niliyekuwa mlangoni na sinia la glasi sikucheka. Nilielewa jambo moja tu, kwamba mkono ukikua mambo yatakwisha. Na mkono unakuzwa na nini? Na chakula, kila siku Mama aliniambia, kula ukue. Nikaacha kula.

Si kuacha kabisa, nilikuwa na akili zangu. Ubugali niliumega nikauficha mfukoni nikawapa kuku. Maharage nilimsukumia Fiston, naye hakuwahi kuuliza yametoka wapi. Ndagaa nilisema zinanichoma koo. Nikilala nilijifunga kitambaa kwenye mkono, nikikaza kwa meno, na asubuhi niliupima kwa kuuingiza ndani ya glasi ya Papa ya bia. Ukiingia mpaka chini niliamka na furaha. Mama alinitazama mabega yalivyochongoka akasema, "Huyu mutoto ana minyoo, si bure," akaninywesha dawa ya minyoo, kisha nyingine, kisha mizizi fulani iliyotoka Uvira ambayo uchungu wake bado ninao. Papa naye alikaa mezani pale pale. Alikuwa na macho. Hakuona, au aliona na lile lililoonekana lilimfaa, na mpaka leo sijui lipi kati ya hayo mawili linaniudhi zaidi.

Wakati huo ndipo shangazi Goreti, mdogo wa Papa, alipochumbiwa na kijana wa Kiriri. Kiriri ni kule mlimani, kwenye majumba yenye bustani na walinzi, ambako ukisimama barazani unaona mji wote na ziwa. Ukoo wetu ulishikwa na homa. Mahari yalipokelewa, maneno yakasemwa, na Papa akatangaza kwamba bibi harusi atapanda Kiriri ndani ya gari la kaka yake, si gari la kuazima kwa watu. Na shangazi Goreti, ambaye alikuwa mwema, akanichagua mimi nimshikie mkia wa gauni lake.

Nilishonewa gauni jeupe. Nikaletewa glavu nyeupe za mtoto, zenye lulu ndogo kwenye kifundo. Alikuwepo binamu yangu Alida, binti wa dada mkubwa wa Papa, tuliyelingana umri, naye alizijaribu kwanza zikamgomea. Mimi ziliniingia bila shida. Unaona, nilijiambia, ubugali wote niliowapa kuku haukupotea. Alida alikwenda kulia nyuma ya jiko na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Asubuhi ya harusi, Fiston alitumwa kuosha gari. Kwetu gari la harusi haliendi bila kuoshwa mtoni, na Ntahangwa asubuhi ile ilikuwa imejaa vijana waliokunja suruali, kila mmoja na ndoo yake na gari la mtu. Fiston aliosha nje, akaosha ndani, akaona haitoshi. Akafungua boneti akamwagia injini ndoo nzima ya maji ya sabuni. Akasuuza kwa ndoo nyingine. Alirudi nyumbani gari likirukaruka na kukohoa, yeye anatabasamu.

"Papa, nimeosha mpaka moteri. Iko inang'ara!"

"Moteri? Na maji?"

"Watu ya Kiriri wataangalia mpaka ndani, Papa."

Papa hakumpiga. Hakumwambia hata neno baya, na hilo nililiona. Alisikiliza tu injini, akainamisha kichwa. Kile kishimo cha buji ya nne kilikuwa kimejaa maji kama kisima. Kwa buji tatu gari lingefika kanisani Rohero, kule ni tambarare, lingejikokota. Lakini kutoka Rohero kwenda kwenye karamu ni mlima mtupu. Bibi harusi wetu angekwama katikati ya mlima wa Kiriri, ashuke awaombe wakwe zake wamsukume. Papa aliona yote hayo, kisha akageuka akanitazama. Nilikuwa barazani, nimeshavaa.

"Apana, Papa Fiston," Mama alisema kabla hajafungua mdomo. "Mutoto amesha vaa."

"Dakika mbili tu."

"Na hiyo moteri iko moto. Imetoka mutoni sasa hivi."

Papa akaweka kiganja juu ya boneti, kwa nje. "Haiko moto sana."

Nilifungwa kitenge cha Mama kutoka shingoni mpaka miguuni, nikapandishwa kigoda. Ukweli ni kwamba nilikwenda mwenyewe, na fahari tele. Watu walikuwa wamejaa uani, shangazi wa ukoo na wajomba, na kwa mara ya kwanza wangeona kazi yangu. Nilichovya kitambaa kwenye kishimo, nikakikamua, nikachovya tena, mpaka maji yakaisha. Nikaitoa buji. Papa akaiweka kwenye imbabura, jiko letu la makaa, ikauke vizuri, na harufu yake ikapanda pamoja na ya chai. Mpaka hapo nilikuwa nimeunguzwa kidogo kidogo tu, mahali ninapopajua.

Kuirudisha ndiko kulikoniua. Ili buji ianze njia yake sawasawa ilibidi nitulize mkono, na mahali pekee pa kutulizia mkono ni kwenye bomba la moshi.

"Papa, inachoma."

"Haiko moto sana. Vumilia, sha. Tante yako anangoja."

"Papa, inachoma!"

"Usiachilie! Ukiachilia itaanguka ndani. Zungusha."

Nikazungusha. Nilikuwa nalia na nikazungusha, na vidole vikasikiliza kama vilivyofundishwa, na buji ikashika njia. Nilipotoa mkono, ngozi ya juu, kuanzia kwenye vifundo vya vidole mpaka karibu na kifundo cha mkono, ilikuwa imebaki huko. Papa hakuuangalia. Alikuwa ameshaingia ndani ya gari. Alilitia moto likanguruma, sawasawa, moja mbili tatu nne, na ua wote ukapiga vigelegele. Fiston, aliyekuwa akinipa na kunipokea ufunguo wangu mfupi kama mtumishi wa altare, aliunyanyua juu wakampigia makofi.

Mama alinipaka dawa ya meno, ndiyo iliyokuwa karibu. Tukajaribu glavu. Lile jeraha lilishavimba, na glavu iliyokuwa yangu peke yangu katika ukoo mzima ikakataa. Mama yake Alida, aliyekuwa ndiye anayepanga mambo ya siku ile, akaja akaushika mkono wangu kwa ncha za vidole vyake.

"Na huu mukono, utaingia ku foto namna gani? Na huu weusi? Apana. Alida, kuya uvae."

Nilivuliwa gauni pale pale. Glavu zilipasuka kwenye mshono Alida alipozilazimisha, wakamwambia azishike tu mkononi, inapendeza pia. Bibi harusi alishakuwa garini, na shela usoni, hakujua lolote. Alida akapanda mbele, mahali pangu. Papa aliendesha akapita mbele yangu akiwa amenyoosha mgongo, na gari lile, mimi ndiye niliyelisikia kuliko mtu yeyote, lilikuwa linaimba. Asante ya punda ni mateke, Mama alisema kwa sauti ndogo. Halafu akafunga mlango tukaenda kwa miguu kutafuta usafiri.

Tulifika Kiriri karamu imeanza. Tuliwekwa viti vya nyuma. Kwetu karamu ni maneno kwanza, chakula baadaye. Mzee wa upande huu anasimama na kusema kwa mzunguko na mafumbo, wa upande ule anamjibu, na watu wanapima nani kasema vizuri kabla ya mtu kugusa chupa. Papa alikuwa msemaji wetu. Alisema vizuri, kwa Kirundi safi, akawachekesha wakwe. Akasimulia jinsi gari lilivyogoma asubuhi ile, jinsi shetani wa mtoni alivyotaka kutuaibisha, na jinsi nyumba yake isivyokosa mtu. Akasema yuko hapa hapa aliyelifufua, asimame watu wamwone.

Mimi nikasimama.

Nilisimama upesi, mkono wangu umefungwa leso. Nilishamsamehe. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka, kwamba yule mtoto alishasamehe kila kitu kabla hajasimama wima.

"Fiston!" Papa akaita.

Fiston akasimama mbele kule, akagusa ndevu zake, akapewa chupa, akashangiliwa. Mwanamke nisiyemjua akanivuta gauni la kila siku akanikalisha. Kaa, mtoto, unawaziba watu. Nikakaa. Papa alikuwa akitazama upande wetu. Aliniona nikisimama na aliniona nikikaa, naye akaendelea na maneno yake mazuri.

Chakula kilipokuja nilikula. Nilikula wali, nikala ndizi, nikala nyama, nikaomba tena. Mama alinitazama kwa mshangao. Kesho yake nilikula ubugali mpaka wa kwenye sufuria, na kesho kutwa hivyo hivyo. Kuku walinifuata uani wakilalamika. Fiston alilalamika pia. Nilikula kwa hasira, na nitawaambia jambo, chakula cha hasira kinajenga mwili. Papa aliponiita tena kwenye kigoda, baada ya kidonda kupona na kuacha baka linalong'aa ambalo ninalo mpaka leo, nilipeleka mkono wangu kwa utii wote. Ulikwama kwenye bomba.

"Sukuma kidogo."

"Nimesukuma, Papa."

Akautazama. "Umekomaa," akasema, akafunga boneti. Hakuniita tena Kamukono. Niliambiwa nikamsaidie Mama.

Nilingoja aliuze gari. Alishasema, tena mbele ya mgeni. Lakini hakuliuza. Buji ya nne ilichafuka, gari likakohoa wiki nzima, halafu siku moja nikarudi kutoka shuleni nikalikuta linanguruma vizuri. Ikawa hivyo mara nyingine, na nyingine. Nani aliyeingiza mkono? Swali hilo lilinila mimi badala ya mimi kula chakula. Nilijua kwa hakika kwamba Papa amempata mtoto mwingine. Nilikagua kucha za watoto wadogo wote wa mtaa wetu, kwenye bomba la maji, kwenye katekisimu, hata kanisani wakati wa kupeana amani nilimshika mtoto wa watu kiganja nikakigeuza. Nilitafuta weusi. Nilitafuta baka. Nilitaka kumjua huyo anayeoshwa vidole na baba yangu. Sikumpata, nikakua, nikaondoka nyumbani, na bado nilipoona mwanamke wa umri fulani kutoka Gasenyi macho yangu yalishuka kwenye mikono yake.

Papa amefariki. Gari lilibaki uani chini ya turubai, na mwaka huu Fiston akapata mnunuzi, mzee mmoja wa Kiriri anayependa magari ya zamani, analitaka liwe la harusi za wajukuu zake. Nilikuwepo siku waliyokuja kulichukua. Fiston na yule mzee walikaa sebuleni na bia zao. Dereva wa mzee alibaki nje, akaona gurudumu la mbele la kulia limepasuka, akalifungua ili aweke jingine. Alilinyanyua kwa kuhema, akaliviringisha mpaka ukutani, akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale, nikiliaga gari, kama mnavyojua mtu anavyoweza kuaga hata kitu alichokichukia. Pale gurudumu lilipokuwa, kwenye bati la ndani, palikuwa na kifuniko cha mpira, cha duara, ukubwa wa sahani ya chai. Nikakivuta kwa kucha. Kikatoka kirahisi, kilikuwa kimezoea kutoka. Nyuma yake palikuwa na tundu lililokatwa vizuri kiwandani, na ndani ya tundu, ikinitazama uso kwa uso, ilikaa buji ya nne. Nikaingiza mkono. Mkono wa mama wa watoto, mnene, wenye pete na baka lake. Uliingia mpaka kwenye kiwiko bila kugusa kitu.

Nilikwenda kwa Mama, aliyekuwa barazani na ungo wake wa maharage.

"Mama, kuna tundu. Nyuma ya gurudumu."

Hakuinua macho. "Ego, liko."

"Papa alijua?"

"Alijua. Yule padri alimuonyesha siku ile ya kununua. Nilikuwa pale. Unatoa gurudumu, unaingiza mukono, basi. Kisha we kukomaa, ndiyo ile alikuwa anafanya, wakati uko ku masomo."

Kwa hiyo hapakuwa na mtoto mwingine. Hapakuwahi kuwa na mtoto mwingine. Nilisimama pale na kucha zote nilizokagua maishani mwangu.

"Sasa mimi ni juu ya nini, Mama? Kwa nini mimi?"

Mama alitupa jiwe dogo lililotoka kwenye maharage. Jibu alikuwa nalo miaka yote.

"Gurudumu ni nzito, mwanangu. We ulikuwa mwepesi."

Nilirudi nikakifunika kifuniko mahali pake. Dereva akaja, akafunga gurudumu jipya, gari likavutwa kwa kamba, likaenda zake. Sikumwambia Fiston neno. Ningemwambia nini, naye mpaka leo chupa ile ya Kiriri anaisimulia?

Wiki iliyopita akanipigia simu, ameitwa na yule mzee aliyenunua gari. Nyuma yake nilisikia watu, na injini, na nikaijua sauti ile kabla hajasema kitu, moja mbili tatu, kikohozi.

"Dada, iko inakataa kupanda. Ni ile buji ya nyuma, mukono ya fundi haifike. Lakini ntakibazo, hakuna shida, muzee ana mujukuu hapa, kasichana, ka mukono kadogo kabisa. Tumesha mupandisha ku kiti. Utuelezee tu vile we ulikuwa unafanya."

Kwa hiyo alikumbuka. Miaka yote ya kuisimulia chupa ile, alikumbuka ni mimi niliyekuwa nafanya. Nilikuwa sokoni, na mama muuza nyanya baadaye aliniambia nilipiga kelele mpaka watu wakageuka.

"Mushushe huyo mutoto! Fiston, unanisikia? Mushushe sasa hivi, umuweke mbali na hiyo gari. Fungua gurudumu ya mbele, ya kulia."

"Gurudumu? Ya nini tena?"

"Fungua!"

Nikangoja. Sikukata simu, niliiacha sikioni, nikasikia amri zinatolewa, chuma kinagonga chuma, na sauti nyembamba ya mtoto ikiuliza kama anaweza kwenda kucheza. Kisha Fiston akarudi, anahema.

"Ah, dada, ni nzito hii kitu."

"Najua," nikamwambia. "Inyanyue."